Tumbo la Yuliana

Kihonda, Morogoro
6 Februari 2022

Mjomba wangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi ya huko Mgeta? Na mkaza mjomba, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima. Elia anakuamkia. Bado anachomelea mageti ya watu pale karibu na nyumbani, jioni anarudi macho mekundu kama aliyekuwa anapuliza moto. Mimi niko steshenari ileile ya Mazimbu. Huu ni msimu wa wanafunzi kuleta tasnifu zao za kujalidi, basi vidole vyangu vinanuka gundi hadi kanisani.

Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu naijua simu yako. Ukitaka mtandao lazima upande hadi kanisani, na ukifika huko unaweka sauti ya nje, wote wanaochota maji wanasikia. Hili si la wachota maji. Nimempa barua Bernadeta alipomaliza kuuza kabichi zake sokoni. Ameahidi kuikabidhi mkononi mwako, si kwa mtu mwingine.

Mjomba, mimi na Elia tumeamua kutafuta mtoto.

Nakuambia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyenibeba mgongoni nikiwa na miaka tisa, ukashuka nami hadi hospitali, tukaambiwa kwamba nina VVU tangu nilipozaliwa. Wewe ndiye uliyenizoesha vidonge kwa kunipa uji wa ulezi baada ya kila kimoja. Elia hana virusi. Anapima mara kwa mara, na alijua kila kitu kabla hajaleta posa kwako. Leo kuna njia ya mtu kama mimi kuzaa mtoto mzima bila kumwambukiza mume wala mtoto. Nimeisoma, nimeisikia kliniki, na nimewaona walioipita.

Siombi kitu kikubwa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayempokea. Nataka kusikia kwamba utampokea wangu.

Mpwa wako,
Hosiana


Mgeta
20 Februari 2022

Mpwa wangu Hosiana,

Marahaba. Goti linaniuma asubuhi, likipata jua linanyamaza. Mkaza mjomba wako hajambo, kikohozi kimekwisha. Njegere zimekubali mwaka huu, lakini mvua inakula kingo za matuta, kila siku tunarudishia udongo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Jibu langu ni hapana.

Hujawahi kuniuliza mama yako alikufaje, nami sikukuambia. Sasa nitakuambia. Yuliana alikuzaa wewe, ukawa mtoto wa kuumwaumwa, lakini ukaishi. Ulipofika miaka sita akazaa wa pili, mvulana. Huyo hukumbuki kwa sababu tulikupeleka kwa bibi yako mdogo. Alikaa miezi saba. Hakuna aliyetuambia ana nini. Alikuwa mwepesi hata nilipopeleka jeneza lake makaburini nililichukua kwapani, sikuhitaji mtu wa kunisaidia. Miezi minne baadaye tukampeleka dada yangu. Dawa zilipofika hospitali yetu, nyasi zilikuwa zimeshaota juu ya makaburi yote mawili. Zilikukuta wewe tu.

Tangu hapo nilisema, huyu mmoja akiishi inatosha. Sitabeba jeneza lingine la tumbo hili.

Usidhani ukoo unakudai. Hilo nililimaliza zamani. Ulipokuwa na miaka kumi na sita, baada ya kuondoa matanga ya bibi yako, wazee waliuliza habari za mabinti wa tumbo letu, kwa kuwa mashamba yanafuata mabinti. Niliwaambia kwamba daktari amekuona una kasoro ya kizazi na hutazaa. Nilisema hivyo ili wasikuchunguze, wasijue ugonjwa wenyewe. Wakakubali. Shamba la Yuliana ninalilima mimi, na baada yangu litakwenda kwa Irene, mjukuu wa dada yake bibi yako, ambaye ana mabinti wawili. Kwa hiyo hakuna atakayekusumbua. Kaa na mume wako kwa amani.

Mjomba wako,
Bartholomeo


Kihonda
24 Aprili 2022

Mjomba,

Shikamoo. Nawaombea afya njema wewe na mkaza mjomba. Hapa hatujambo kwa mwili.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilipata maneno ambayo mtoto hamwandikii mjomba wake. Nimesubiri hadi yakaisha. Machache yamebaki, nisamehe.

Miaka kumi nimekuwa tasa mbele ya ukoo wangu, na mimi sijui. Sasa ndiyo naelewa kwa nini siku ya arusi yangu akina mama wa Mgeta waliniombea nyumba, chakula na mume mpole, lakini hakuna hata mmoja aliyeniombea watoto. Nilidhani wamesahau. Naelewa kwa nini Irene alinikumbatia muda mrefu vile. Ulinificha ugonjwa mmoja kwa kunipa mwingine, Mjomba, na huo ulionipa sina.

Habari za mdogo wangu zimeniliza. Nasikitika kwamba uliyabeba hayo peke yako. Lakini mama hakuwa na dawa. Mimi ninazo, na ulinifundisha mwenyewe kuzimeza.

Sasa sikiliza lililotokea, maana sitaki kukudanganya hata kama litakupa nguvu ya kunikatalia. Tulikwenda kliniki na Elia mwezi Machi. Nesi wetu anaitwa Shakila, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Akanipima wingi wa virusi kwenye damu. Majibu yakarudi mabaya: nakala elfu tatu na mia nne. Zinatakiwa zisionekane kabisa. Kosa ni langu. Krismasi tulikaa Ifakara kwa mama yake Elia, ambaye hajui hali yangu. Nililala chumba kimoja na mawifi watatu, nikaona haya kutoa kopo la dawa. Nikaruka siku ya kwanza, kisha ya pili, mwisho zikawa siku kumi na tisa.

Nilitegemea nesi anigombeze. Aliniuliza tu, "Unataka mtoto lini?" Nikamwambia hata leo. Akasema, "Basi tunaanza leo. Lakini sindano ya uzazi wa mpango huiachi mpaka virusi vishuke."

Kwa hiyo naendelea na sindano. Elia amepewa dawa kinga ya kumeza, na kondomu tunatumia, mpaka damu yangu itulie. Namwona nesi kila mwezi. Dawa nameza saa tatu kila usiku, Elia akiwa amekaa mbele yangu na kikombe cha maji. Tulirudi Ifakara Pasaka, na safari hii Elia alimweleza mama yake. Jioni mama huyo aliniuliza kama dawa zangu zinamezwa kabla ya chakula au baada.

Nitazaa, Mjomba. Sitazaa kwa haraka, nitazaa kwa mpango. Naomba unijibu.

Mpwa wako,
Hosiana


Kihonda
3 Novemba 2022

Mjomba,

Shikamoo. Ni mwezi wa saba sasa sijapata neno lako. Bernadeta ananiambia mu wazima, goti linakusumbua na umeanza kutembelea fimbo. Kila Ijumaa namuuliza kama kuna barua, anatikisa kichwa. Juzi ameniletea plamu ndoo nzima, akasema zimetoka kwako. Zimefika salama na tumekula. Asante.

Julai nilipima tena, nakala hamsini na kitu. Mwezi wa kumi nimepima tena, hazionekani. Nesi Shakila aliniandikia neno hilo kwenye karatasi, nikalitoa fotokopi hapa dukani. Nakuwekea nakala ndani ya bahasha hii. Maana yake si kwamba nimepona. Virusi vipo, lakini dawa imevilaza, na mtu ambaye vyake havionekani hamwambukizi mwenzake. Akizaa akiwa hivyo, akiendelea na dawa, hatari kwa mtoto inakuwa ndogo sana. Nilimuuliza nesi ndogo kiasi gani. Akasema kwenye mia hata mmoja ni shida kumpata. Nikamuuliza kama anaweza kuniapia. Akasema yeye haapi, anapima.

Sindano ya mwisho nilichoma Juni. Tangu Oktoba tumeruhusiwa kutafuta. Mwili haujarudi sawasawa, hiyo sindano inachelewa kutoka. Mwezi huu wa kwanza nilihesabu siku, kisha nikaona damu, nikakaa kwenye ngazi ya nyuma dakika kumi, nikaingia kupika. Namkumbuka yule mwanamke asiye na kizazi uliyewasimulia wazee. Kuna siku naogopa kwamba ulinitabiria.

Huhitaji kukubali. Niandikie tu.

Mpwa wako,
Hosiana


Mgeta
15 Januari 2023

Mpwa wangu,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya, wewe na Elia. Huku baridi, ukungu haujaondoka tangu Jumatano. Fimbo ni kweli, lakini ni ya kuteremkia tu, kupanda bado napanda mwenyewe.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ilipokwisha nikawa na aibu. Nilikuwa katekista miaka thelathini. Nimefundisha watoto wa kijiji hiki amri ya nane, na mwenyewe nilisimama mbele ya wazee nikasema uongo juu ya mwili wa mtoto niliyemlea.

Karatasi yako niliipokea. Nikaichukua nikaenda nayo zahanati, kwa yule tabibu kijana. Sikutaja jina lako. Nilisema nina mtu wangu. Akaisoma, akaniambia maneno yaleyale ya nesi wako. Nikamwambia karatasi inavumilia kila kitu, anionyeshe mtu. Akasema watu hawaonyeshwi, ni siri yao. Tukabishana. Nadhani nilipaza sauti kidogo.

Kumbe ilikuwa siku ya kuchukua dawa. Nilipotoka nje, kwenye benchi alikuwa amekaa Bernadeta, kadi mkononi. Sikujua pa kuweka uso. Yeye akacheka, akasema, "Katekista, na wewe umeanza?" Kisha akanyanyuka akanisindikiza hadi darajani, na njiani akaniambia. Anazo dawa mwaka wa kumi na mbili. Watoto wake wawili wadogo, yule wa darasa la nne na yule wa chekechea, amewazaa akiwa nazo. Wote wazima, wamepimwa hadi mwisho. Yule wa darasa la nne nimembatiza mwenyewe, mwanangu, siku padre alipokosa njia kwa mvua. Nilimshika mikononi na sikujua.

Amenipa ruhusa nikuambie wewe tu. Anasema miezi yote hii alijua umeandika kuhusu nini kwa jinsi ulivyokuwa unamwuliza kama nimejibu. Hakusoma barua hata moja.

Siwezi kukuambia kwamba woga umeniisha. Nikifumba macho naliona lile jeneza. Lakini sasa nikifumbua namwona pia mtoto wa Bernadeta anavyoteremka mteremko kwa kukimbia, mfuko wa shule unampiga mgongoni. Nimekaa na yote mawili.

Kuhusu ulichoandika, kwamba nilikutabiria: mimi si nabii. Nilidanganya tu. Usiyape maneno yangu nguvu ambayo hayana.

Mjomba wako,
Bartholomeo


Kihonda
11 Juni 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo, na msalimie sana mkaza mjomba. Natumaini mvua za masika zimewaachia barabara, maana Bernadeta alikaa wiki tano bila kushuka, tukawa tunakula kabichi za Dodoma.

Nina mimba ya miezi minne.

Nilijua tangu Machi. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kuitaja. Elia hakunyamaza, mafundi wenzake wote wanajua. Anataka kunizuia nisipande ngazi, nami nafanya kazi ghorofani. Nimepima wingi wa virusi tena mwezi uliopita, havionekani. Dawa sijaruka hata siku moja tangu Pasaka ya mwaka jana. Kichefuchefu kilinitesa, nikawa nikitapika ndani ya nusu saa nameza kidonge kingine kama nesi alivyoelekeza.

Sasa nina ombi. Bernadeta ameniambia kikao cha ukoo kiko Julai, na shamba la mama litakabidhiwa kwa Irene rasmi kwa kuwa wewe goti halikuruhusu tena. Mjomba, nataka uwaambie kwamba si kweli. Usiwaambie ninachoumwa. Hilo ni langu, nitawaambia mwenyewe siku nikitaka. Waambie tu kwamba ulilosema miaka ile halikuwa la daktari.

Najua nakuomba uvuliwe heshima mbele ya watu. Nimelala nalo wiki mbili nikitafuta njia nyingine. Ningeweza kuja na tumbo langu, nikasimama pale, wakaona. Lakini wangesema ni muujiza, wangemshukuru Mungu, na uongo ungebaki umekaa mahali pake. Sitaki mtoto wangu aitwe muujiza. Amepatikana kwa vipimo vitatu, na mwaka mzima wa saa tatu usiku. Nataka aingie kwenye ukoo kwa mlango.

Nisamehe kama nimevuka mpaka. Sitaiondoa barua hii lakini.

Mpwa wako,
Hosiana


Mgeta
23 Julai 2023

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Nimefurahi. Naliandika hilo kwanza kabla sijaanza mengine, kwa sababu ulipoandika mwezi wa pili mwaka jana nilipaswa kuliandika na sikuliandika. Mkaza mjomba wako amepiga vigelegele peke yake jikoni, nikamwambia asubiri kikao, akasema vigelegele havisubiri.

Kikao kilikuwa jana, uani kwa marehemu bibi yako. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mzee Gervas, ambaye ndiye mkubwa kwetu sote, alifungua kwa sala, kisha akanipa nafasi nitamke kwamba shamba la Yuliana linakwenda kwa Irene. Nikasimama. Fimbo ikateleza ikaanguka, Irene akaniokotea. Nikasema kwamba maneno niliyosema mwaka 2012 juu ya Hosiana yalikuwa uongo, hakuna daktari aliyeyasema, na kwamba sasa ni mjamzito.

Mzee Gervas akaniuliza, "Nani alikutuma?"

Nikamwambia, "Woga."

"Woga wa nini?"

Nikamwambia, "Niliyosema ni uongo, hilo ni lenu, nihukumuni. Kilichonitia woga ni cha mtoto mwenyewe. Sina ruhusa nacho."

Wakanisukuma huku na huku. Mmoja alianza kutaja jinsi Yuliana alivyokonda mwishoni. Mke wa Mzee Gervas akamkata, akasema hatukuja kuwafukua marehemu. Likaishia hapo.

Nimetozwa mbuzi. Wameniondoa pia kwenye kusemea tumbo letu. Kuanzia sasa atasema Mzee Gervas hadi tupate mwingine. Nimekubali. Kusema kweli yalipotamkwa nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, lakini njiani kurudi niliona kila niliyempita anajua, na sijawahi kuiona njia hiyo ndefu vile.

Irene hakusema kitu kikaoni. Usimdhanie vibaya. Alikuwa ameshalima matuta ya chini na kuyatia samadi, akiwa na tumaini nililompa mimi. Nimemkosea kama nilivyokukosea wewe. Wamekubaliana aendelee kulima mpaka wewe au mtoto wako mtakapokuja kuomba jembe. Leo hakunisalimu kanisani. Nitakwenda kwake, na ikibidi nitakwenda tena.

Wewe kula, lala, meza dawa zako. Huku mlango uko wazi.

Mjomba wako,
Bartholomeo


Kihonda
21 Januari 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo mkaza mjomba. Nawashukuru kwa unga wa ulezi na zile sala, vyote vimefika.

Bernadeta alikuletea habari kwamba nilijifungua tarehe 19 Novemba. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu nilijiambia sitaandika mpaka nijue. Sasa naandika.

Ni mvulana, tumemwita Lukasi. Kilo tatu na robo. Nilijifungua kwa njia ya kawaida, saa nne asubuhi, baada ya kuugua uchungu tangu jana yake mchana. Alipotoka nilimuuliza nesi kama analia vizuri, akasema sikiliza mwenyewe. Saa chache baadaye walianza kumpa dawa ya maji ya kumkinga, tukaendelea nayo nyumbani wiki sita. Elia ndiye aliyekuwa anaivuta kwenye bomba na kumdondoshea mdomoni, kwa mkono uleule unaokamata moto kila siku. Ananyonya maziwa yangu tu, hata maji hajaonja. Majirani wameniuliza kwa nini simpi maji na joto hili. Nawajibu kwamba ndivyo nilivyoambiwa.

Wiki ya sita tukampeleka kupima. Walimtoboa kisigino, wakadondosha damu kwenye karatasi, karatasi ikapelekwa maabara. Kisha tukasubiri wiki tatu. Mjomba, nilidhani najua kusubiri. Nilikuwa namfungua nepi naangalia kila kipele. Akipiga chafya, nakumbuka yule mdogo wangu wa miezi saba. Siku moja nilimkalipia Elia kwa sababu alikuwa anamwimbia. Nilimwambia asimzoee kwanza. Alinitazama, akaendelea kumwimbia.

Alhamisi nesi Shakila alipiga simu tufike. Hakuningoja nikae. Alisema hana, hajaambukizwa. Akanikumbusha kwamba bado kuna kipimo cha miezi tisa, na cha mwisho cha miezi kumi na minane nikishamwachisha ziwa, na kwamba hapa katikati dawa zangu ndizo kinga yake. Nikasema nimeelewa. Nilipofika nje ndipo nikakaa, nikamnyonyesha.

Najua wengine katika ukoo walitaka binti, na kwamba shamba hufuata binti. Huyu ndiye tuliyempata. Nitasubiri kusikia kama umempokea.

Mpwa wako,
Hosiana


Mgeta
4 Februari 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Sote wazima.

Nami nilizaliwa mvulana kwenye tumbo hilihili, na hakuna aliyenitupa. Nimempokea.

Mjomba wako,
Bartholomeo

Irene ameniitikia salamu tangu Krismasi. Anaomba picha ya mtoto, iliyochapishwa kwenye karatasi, si ya kwenye simu.


Mgeta
1 Juni 2025

Mpwa wangu Hosiana,

Salamu nyingi kwako, kwa Elia, na kwa mheshimiwa Lukasi. Nilifika salama. Goti lilivimba siku mbili, sasa limetulia. Mkaza mjomba wako amenihoji kama polisi, kila alichokula mtoto, kila alichosema, amelala na nani, analia usiku au halii. Yale nisiyoyajua nimeyatunga. Hapo nimetenda dhambi tena.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililikimbia nilipokuwa kwenu, na sipendi libaki.

Siku ya kipimo cha mwisho uliniachia nimpakate. Nilikuwa sijakaa kwenye benchi la kliniki ile tangu wewe ulipokuwa mdogo. Wamepaka rangi, wameweka luninga, lakini mabenchi ni yaleyale. Yule nesi alipomchoma kidole, Lukasi hakulia, alimtazama kwa hasira kama mtu aliyeibiwa. Halafu zile dakika za kusubiri. Wewe na Elia mlikuwa mmeshikana mikono chini ya mkoba wako, mkidhani sioni. Nesi aliporudi akasema, "Mtoto wenu hana VVU, na hapa ndiyo mwisho wa kumpima." Ulimshukuru kwa sauti kavu kabisa, ukamuuliza kuhusu tarehe yako ya kuchukua dawa. Nami nikakurudishia mtoto, nikasema natafuta choo.

Sikutafuta choo. Nilikwenda nyuma ya jengo, pale wanapoanika mashuka, nikalia. Sikuwa nalia kwa furaha peke yake. Nilikuwa namlilia Yuliana. Kipimo kile kinafanywa kwa tone moja la damu, na kidonge kile kinaingia kwenye kiganja cha mtoto. Dada yangu alikufa kwa kukosa vitu vidogo namna ile, vikiwa njiani kuja, miaka miwili tu mbele yake. Miaka yote nilidhani alikufa kwa sababu alizaa, na nikataka wewe usizae ili usife. Pale kwenye mashuka ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimekosea adui.

Mwanamke mmoja mfuaji aliniona, akanipa kona ya shuka nifute uso. Hakuniuliza kitu.

Nimemweleza Irene kwamba mtakuja Agosti, wakati wa kuvuna maharage. Anasema njooni na nguo nzito za mtoto, na kwamba matuta mawili ya juu, yale yanayotazama mto, ameyaacha bila kupanda ili mpande wenyewe. Sikumwomba afanye hivyo. Siku ile atakayokuonyesha, ufurahi mbele yake.

Mwisho ni hili. Nilipokuwa navaa viatu kuondoka, uliniuliza ningesema nini kama mwakani mtatafuta wa pili. Nikajifanya nahangaika na kamba za viatu. Nimeshuka kwenye gari kituoni Nyandira nikiwa bado nalifikiria, na nimelifikiria wiki nzima nikipalilia.

Jibu langu ni kwamba hilo si la kumuuliza mjomba. Muulize mume wako, muulize nesi Shakila, ipime damu yako kama ulivyoipima. Mkishaamua, nipe tarehe mapema tu, nijue mwezi wa kushuka.

Mjomba wenu,
Bartholomeo